KAVA LA SIMU NA MALIPO YA KUGUSISHA: MWENYE KOSA NI NANI?

Na Mwanachama, Kidato cha Nne

 Najua wengi wenu mnangojea kurasa za vichekesho na vitendawili, nanyi mtafika huko. Lakini hebu nisikilizeni kwanza. Nina jambo linaloniwasha moyoni, nalo si la sare wala la maharagwe ya bwalo letu. Ni jambo lililo mfukoni mwa mzazi aliyetuleta hapa. Sisemi mfukoni mwa mwanafunzi, maana sheria za shule kuhusu simu sote twazijua, na mwalimu wa zamu naye husoma jarida hili!

Jambo lenyewe ni hili. Siku hizi mtu akiwa na simu yenye kile kifaa kiitwacho NFC, huweza kuitia kadi yake ya benki ndani ya simu, kisha akifika kwa keshia hahitaji kutoa noti wala kadi. Huisogeza tu simu kwenye mashine ya kadi, ikalia tii, kazi imekwisha. Wenyewe wanasema ni kugusisha, ingawa kwa kweli hakuna kinachogusana. Basi inapofanya kazi, mtu hutembea kifua mbele kama aliyeshinda mbio za Kasarani. Isipofanya kazi, lo! Simu inasogezwa, inarudishwa, inageuzwa, inasugulishwa juu ya mashine kama mtu anayepiga pasi. Watu walio nyuma kwenye laini wanaanza kukohoa. Keshia anaangalia pembeni. Mwenye simu anatokwa na jasho kana kwamba kaiba.

Hapo ndipo lawama huanza. Mmoja atasema benki ni mbovu. Mwingine atasema mashine imeharibika. Wa tatu, huyu ndiye mbaya zaidi, atanong'ona kwamba yule hana pesa kwenye akaunti, anajitia tu. Mimi nasema, tena nasema bila kutafuna maneno, kwamba mara nyingi mwenye kosa hapo si benki, si mashine wala si maskini yule mteja. Ni kava alilolivisha simu yake. Na dawa yake ni karibu bure, ila hatuambiwi na wanaotuuzia.

Yamkini msomaji utaniuliza: si alivue basi hilo kava, mambo yaishe? Ndiyo, hayo ndiyo mawaidha unayopewa ukiuliza. Kwangu mimi hayo ni mawaidha ya mtu aliyeshiba. Watu wengi katika nchi yetu wananunua simu kwa malipo ya kidogo kidogo, kila siku shilingi kadhaa, mwaka mzima. Simu ikianguka kwenye ngazi za matatu na kioo kikapasuka mwezi wa tatu, deni halipasuki. Linabaki zima. Kumwambia mtu kama huyo avue kava kila anaponunua mkate ni sawa na kumwambia mwendesha bodaboda avue helmeti kila anapotaka kusalimia. Kava lazima likae. Swali la haki ni jinsi gani kava litakaa na malipo yapite.

Ili tujibu swali hilo ni sharti tujue kinachotendeka pale kwenye mashine, na hapa naomba wale waliokimbia somo la Fizikia wavumilie kidogo. Mnamo mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku inayobadilika karibu na waya uliozungushwa huzaa umeme ndani ya waya huo. Ni jambo hilohilo, hakuna uchawi mwingine. Ndani ya mashine ya kadi kuna waya uliozungushwa, tuuite koili. Ndani ya simu, chini ya mgongo wake, kuna koili nyingine nyembamba kama karatasi. Mashine hutoa uga wa sumaku unaotetemeka mara milioni 13.56 kwa kila sekunde, yaani megahezi 13.56. Koili ya simu inausikia uga huo, nayo hujibu kwa kuuvutavuta kidogo, kama mtu aliye gizani anayejibu kwa kuvuta kamba ambayo mwenzake ameshika upande wa pili. Mashine husikia mivuto hiyo na kuisoma. Mazungumzo yote hayo kwa kawaida hayachukui hata sekunde moja.

Sasa angalieni maajabu. Mazungumzo haya yamepangwa makusudi yawe ya kunong'onezana. Malipo ya namna hii yametengewa sentimita 4 hivi tu, ili mwizi aliye upande wa pili wa barabara asiweze kuyadaka. Na nguvu za ule uga hupungua kwa haraka ya kutisha. Ukishapita upana wa koili yenyewe, umbali ukiuzidisha mara mbili, nguvu hubaki moja ya nane tu. Basi unaelewa kwa nini milimita chache, ambazo kwa mawimbi ya redio ya kawaida si kitu, hapa huwa ni suala la kulipa au kutolipa.

Na koili hiyo imetegwa sawasawa kwenye ile megahezi 13.56, kama redio ya nyanya ilivyotegwa kwenye stesheni ya KBC. Ukiweka chuma karibu nayo, ni kama mtoto aliyepita akagusa kile kinobu. Stesheni haijatoweka, lakini wewe unasikia mikwaruzo tu. Zaidi ya hayo, uga unaotetemeka ukikutana na bamba la chuma au alumini huzaa ndani yake vijimkondo vya umeme vinavyozunguka, navyo, kwa mujibu wa Sheria ya Lenz, huupinga uga uliovizaa. Bamba linakuwa kama askari wa lango asiyepokea hongo. Hakuna kinachopita.

Kwa hivyo, wenzangu, tusiseme tu "kava" kana kwamba yote ni ya baba mmoja. Kava la mpira au plastiki la milimita mbili halina hatia. Plastiki haizuii uga wa sumaku hata chembe, kosa lake pekee ni kuongeza umbali, na milimita mbili ni umbali mdogo. Hata kava la ngozi tupu halina neno. Zile rangi za kung'aa kama dhahabu unazoziona kwenye vibanda mara nyingi ni rangi tu juu ya plastiki. Wabaya ni wengine, na nitawataja.

Wa kwanza ni kava la alumini lenye mgongo mzima wa chuma. Hilo halina mjadala. Wa pili ni yale makava manene ya kivita yenye tabaka juu ya tabaka, pembe za mpira, na stendi mgongoni. Hapa umbali unajilimbikiza, na ile stendi mara nyingi ndani yake ina kipande cha chuma. Wa tatu ni kaboni. Nyuzi za kaboni hupitisha umeme, kwa hivyo kava la kaboni halisi huweza kuzuia malipo vizuri tu kama chuma. Kuna nyuzi nyingine ziitwazo aramidi, ambazo ukizitazama zinafanana na kaboni kama pacha, lakini hazipitishi umeme na hivyo hazidhuru. Muuzaji naye yote anayaita kaboni. (Habari njema ni kwamba kaboni nyingi ya mitaani ni plastiki iliyochorwa mistari. Hapa umaskini umetuokoa!)

Wa nne ndiye ninayetaka tumkalie kitako. Ni kile kibamba cha chuma cha sumaku. Madereva wanakijua sana. Unaweka sumaku kwenye dashibodi ya gari, unabandika kibamba chembamba cha chuma mgongoni mwa simu au ndani ya kava, kisha simu inanata pale mbele yako ikikuonyesha njia. Kitu chenyewe ni bei ya chai na mandazi, nacho ni kizuri kwa kazi yake. Lakini watu wanakibandika wapi? Katikati kabisa ya mgongo wa simu, maana ndipo simu inapokaa sawa. Na katika simu nyingi za Android, hapo katikati au juu yake kidogo ndipo koili ilipo.

Mjomba wangu ni dereva wa teksi za kuitwa kwa simu jijini Nairobi. Likizo ya Aprili nilimkuta amekasirika kweli kweli. Kwa majuma mengi simu yake ilikuwa ikikataa kulipa kwenye kituo cha mafuta. Alikuwa amekwenda benki mara mbili, akapoteza asubuhi nzima akingoja kwenye viti. Fundi mmoja wa simu, ambaye simtaji, alimwambia kwamba kifaa cha NFC kimekufa na kwamba kukibadilisha ni ghali, afadhali anunue simu nyingine. Tena huyo fundi alikuwa nayo nyingine hapohapo ya kumuuzia.

"Mjomba, hebu nipe simu niione," nikamwambia.

"Wewe mtoto wa shule utaona nini ambacho fundi hakuona?"

"Kuona tu, mjomba."

Nilipolifungua kava, kibamba kilikuwa pale katikati, kimekaa kama mfalme. Nikakibandua, nikakibandika chini kabisa, karibu na tundu la chaja. Tukaondoka naye hadi kituo cha mafuta, akatia mafuta ya shilingi mia tano. Tii! Mjomba akaniangalia, akaangalia mashine, kisha akauliza, "Kwani ni hiki kidude tu?" Naam, ni kidude hicho tu. Kidogo kimtoe mjomba wangu kwenye mfuko wake pesa za karo yangu ya muhula mzima. Ndiyo maana nasema kwamba jambo hili si la mchezo. Mtu asiyejua koili iko wapi huuziwa simu.

Wa tano ni kava la mfano wa pochi, lile lenye vijimfuko vya kadi. Tatizo lake ni kelele, na unene wake haudhuru sana. Ukipanga kadi mbili za benki nyuma ya simu, mashine inaponong'ona "nani yuko hapo?" sauti tatu zinajibu pamoja. Pengine mashine itakataa zote. Pengine itaichukua ile iliyowahi, nayo huenda siyo uliyokusudia. Wale wanaosafiri jijini London wanalijua jambo hili vizuri. Kule mabasi yalianza kupokea kadi za kugusisha mwishoni mwa mwaka 2012, na treni za chini ya ardhi mwaka 2014. Abiria wa treni hugusisha akiingia na kugusisha akitoka, na nauli huhesabiwa kati ya hapo. Sasa mtu akiingia, mashine ikaisoma simu, na akitoka ikaisoma kadi iliyo ndani ya kava, kompyuta inaona wasafiri wawili ambao kila mmoja amefanya nusu ya safari, na wote wawili hutozwa nauli ya juu. Hata ikiwa simu na kadi zinachota kwenye akaunti moja ya benki! Mwenye mtandao wa usafiri wa kule amelazimika kuwaonya abiria waitoe kadi peke yake kabla ya kugusisha. Sisi huku tunayanunua makava hayohayo bila onyo lolote.

Basi dawa ni nini? Ya kwanza ni kujua koili ilipo. Kwenye iPhone iko karibu na ukingo wa juu, kwa hivyo ukiilaza simu kifudifudi na kuisugua katikati unahangaika bure. Elekeza ncha ya juu. Kwenye simu nyingi za Android iko mgongoni, ama katikati ama karibu na kamera. Na mashine nayo ina mahali pake pa kusikilizia, palipochorwa alama ya mistari minne iliyopinda kama mawimbi. Wakati mwingine ni juu ya kioo, wakati mwingine ni ubavuni. Koili na itazamane na alama. Kisha tulia. Usipunge simu kama unafukuza nzi. Ishikilie pale mpaka ilie. Nimewaona watu wazima wakiigusisha na kuiondoa kama walioshika sufuria ya moto, halafu wanasema mashine haifanyi.

Ya pili ni kuondoa chuma kati ya koili na mashine. Hakuna njia ya mkato hapa. Kuna karatasi nyeusi za feraiti ambazo wauzaji wengine wanadai zinashinda chuma. Feraiti ni kitu cha kweli, na viwandani huwekwa nyuma ya koili ili betri, ambayo nayo ina metali, isiinyonye nguvu. Lakini hiyo ni kwa chuma kilicho upande wa nyuma. Chuma kikiwa mbele, kati ya simu na mashine, feraiti haikifanyi kuwa kioo. Mahali ambapo karatasi hiyo inafaa ni kwenye kava la pochi. Ukiiweka kati ya simu na kadi, ile kadi iliyo nje husikika bila simu kuingilia. Lakini kumbuka kwamba hapo umechagua kadi, simu imenyamazishwa upande ule.

Sitaki hata kuongea sana kuhusu vile vibandiko vya rangi ya dhahabu vinavyouzwa ati vinaongeza nguvu za simu. Mambo hayo hayakuanza leo. Mwaka 2002 tume ya biashara ya Marekani iitwayo FTC ilizishitaki kampuni zilizokuwa zikiuza vibandiko vya kubandika kwenye simu ati vinazuia mionzi. Miaka imepita, kibandiko kinabadilisha jina tu.

Ingawa, kusema haki, kava huweza pia kuokoa. Mwaka 2010 Apple walitoa iPhone 4 yenye antena ya mtandao kwenye ukingo wake wa nje, na watu wakiikamata kwa namna fulani mkono ukaifanya simu ipoteze mtandao. Kampuni ikaishia kuwagawia wateja makava ya bure ili mkono usiguse antena. Hiyo ilikuwa antena nyingine kabisa, si hii ya malipo, lakini naitaja ili msidhani nina ugomvi wa kifamilia na makava.

Sasa kuna ndugu zangu watakaosema: sisi tuna M-PESA tangu Machi 2007, tunaandika nambari ya till, tunaweka siri, tunalipa. Hayo ya kugusisha ni ya wenye magari. Hoja hiyo ina uzito, siikatai. M-PESA haihitaji koili, inafanya kazi hata kwenye kabambe, na kava lako liwe la chuma cha reli halitakuzuia. Lakini mwenye hoja hiyo asahau kidogo wenye magari, atazame upande wa pili wa kaunta.

Siku hizi simu yenyewe inaweza kuwa mashine ya kadi. Apple waliiruhusu iPhone kupokea malipo hivyo mwaka 2022, na kwenye Android ilikuwapo hata kabla. Maana yake mama mboga au kinyozi hahitaji kukodi mashine. Anashika simu yake, mteja anasogeza kadi au simu, pesa zinaingia. Ni jambo la kuwainua watu wadogo. Lakini hebu piga hesabu. Koili ya simu ni ndogo na nguvu zake ni haba kuliko za mashine halisi, kwa hivyo ule umbali wa kunong'onezana umefupika zaidi. Halafu simu ya mama mboga imevaa kava nene, maana huangukia kwenye sukuma wiki na maji kila siku. Na simu ya mteja nayo imevaa kava. Sasa ni makoti mawili yanayokumbatiana, unene unajumlishwa. Yule mwenye mashine halisi kwenye supamaketi atauza, na mama mboga ataambiwa, "Basi wacha, nitapitia kesho." Nani anaumia hapo? Si mwenye gari.

Wala si jambo la kubuni kwamba simu ya mtu wa kawaida inaweza kuwa msomaji. Mwaka 2013, hapahapa Nairobi, Google pamoja na Equity walileta kadi ya matatu iliyoitwa BebaPay. Abiria aliisogeza kadi yake kwenye simu ya kondakta yenye NFC na nauli ikakatwa. Mwaka 2015 ikafungwa. Kava si lililoiua, tusiongopeane. Pesa taslimu ilikuwa na marafiki wengi mno ndani ya matatu. Lakini fikirieni kondakta aliyening'inia mlangoni pa gari linalokwenda mbio, mkono mmoja umeshika chuma na mwingine umeshika simu. Je, atafanya kazi hiyo na simu isiyo na kava? Siku mpango kama ule utakaporudi, na mimi naamini utarudi kwa jina jingine, wanaoupanga waanze na kava la kondakta. Wampe lililo jembamba mgongoni na nene pembeni, kwa sababu simu huanguka kwa pembe, na koili haiko pembeni. Huo ndio umbo ningeutaka kwa kila mtu, si kwa kondakta pekee.

Kwa wauzaji wa makava, kuanzia wale wa Luthuli mpaka kibanda kilicho nje ya lango letu, nina ombi moja tu. Andikeni. Kwenye kile kikaratasi kinachosema "haivunjiki" na picha ya simu inayorushwa kutoka ghorofani, ongezeni mstari mmoja: kuna chuma ndani au hakuna. Mnunuzi naye asione haya kulijaribu kava kabla ya kulipa. Simu nyingi za Android zikiwa zimefunguliwa na NFC imewashwa, ukizisogezea kadi ya benki yenye ile alama ya mawimbi, hulia au hutikisika. Ilie bila kava. Kisha ivishe kava, uisogezee kadi mahali palepale. Ikinyamaza, rudisha kava, chukua jingine. Hapana haja ya fundi.

Tulipokuwa nyumbani, mimi na binamu yangu tulilifanya jaribio hili kwa namna yetu, na ningependa chama cha Sayansi walirudie mbele ya shule nzima siku ya maonyesho. Tuliweka daftari la kurasa 96, ambalo unene wake ni karibu nusu sentimita, kati ya simu na kadi. Simu ikalia. Madaftari mawili, ikalia lakini kwa kutafutwa. Tulipoendelea kupanga madaftari ikafika mahali ikanyamaza kabisa. Kisha tukayaondoa yote, tukaweka karatasi moja ya alumini, ile ya kufungia nyama choma, nyembamba kuliko ukucha. Kimya. Madaftari mawili mazito yalipitisha na karatasi moja nyepesi ikakataa. Nyanya aliyekuwa akitutazama alisema sasa ameelewa kwa nini babu hakuwa akiongea sana lakini neno lake moja lilitosha. Sijui kama hiyo ni Fizikia, ila binamu yangu aliiandika kwenye daftari.

Na walimu wetu wa Fizikia, kunradhi, tunawaheshimu sana, lakini mbona kila mwaka sumakuumeme inafundishwa kwa kengele ya mlango na transfoma pekee? Hakuna hata mmoja wetu aliye na kengele ya umeme nyumbani kwao kule kijijini. Simu ipo karibu katika kila nyumba. Lete simu moja, ya mwalimu, isiwe ya mwanafunzi, lete kadi, lete karatasi ya alumini. Darasa lile la mchana wa Jumatano ambalo watu husinzia litaamka lote.

Mwenye kupinga hoja zangu, hasa wale wa upande wa "tuvue makava", aandike na kumpa mhariri makala yake kabla ya kufunga shule. Atachapishwa toleo la mwaka ujao. Mimi nitakuwa nimeshamaliza mtihani na kwenda zangu, lakini mwalimu mlezi wa chama anajua kwetu. Na mjomba ameniahidi kwamba siku nikitoka shuleni atanirithisha ile simu yake, kibamba kikiwa chini karibu na tundu la chaja.